Je, wajua kwa nini mchangishaji wa chuo halipwi kwa asilimia?

Huku kwetu Unguja na Pemba mtu akisikia kuna fulani kaajiriwa na chuo kikuu, kazi yake kutafuta michango, swali la mwanzo ni hilo hilo tu, yeye anakula ngapi? Akileta milioni mia anakatiwa kumi? Hakatiwi. Analipwa mshahara kama mwalimu au mhasibu, na kanuni za vyama vya fani hiyo zinakataza au zinapinga vikali malipo ya asilimia.

Chama kikubwa kwa upande wa elimu ni CASE, makao yake Washington, Marekani. Kiliundwa 1974 kwa kuunganisha viwili, kimoja cha wanaoshughulika na wahitimu na kimoja cha maofisa uhusiano wa vyuo, na leo wanachama ni vyuo na skuli zaidi ya 3,000 katika nchi zaidi ya 80. Chenyewe hakichangishi pesa za kuwagawia wanachama, kwa hiyo mwaka wake unapimwa kwa mambo mengine, wafanyakazi wangapi wamepata mafunzo, kanuni gani zimeandikwa, hesabu za michango zimekusanywa vipi.

Sasa hiyo asilimia. Chukulia bibi mmoja ana nyumba Mji Mkongwe anataka kuiweka wakfu isomeshe mayatima, jambo hilo linataka mazungumzo pengine ya miaka, watoto wake wakae wajue, mwanasheria aje, na kama anaandika wasia basi hauvuki thuluthi ya mali yake, na huenda mwisho wake bibi aambiwe asitoe nyumba nzima kwa sababu wapo wajukuu wanaomtegemea. Anayesubiri kumi lake katika mia atamwambia hivyo? Mie siamini. Atataka saini wiki hii hii.

Najua mtu atauliza, mbona amil, yaani mkusanyaji wa zaka, kawekewa fungu lake kwenye Kurani? Kweli, lakini kwa Shafi tunaowafuata huku amil anapewa ujira unaolingana na kazi yake, hata hapo kinachotazamwa ni kazi aliyoifanya. Na CASE pamoja na wenzake waliandika haki za mtoaji, mojawapo ni kujua huyu anayeniomba ni wa kujitolea, mwajiriwa au kakodiwa tu. Laiti tungelitangaza hilo kwenye kila hafla ya kuchangia skuli!

Jambo jengine ninalolipenda ni namna wanavyohesabu. Kwetu hafla ikimalizika mshereheshaji anatangaza jumla moja, taslimu na ahadi zote ndani, watu wanapiga makofi, halafu jengo linafika kwenye linta linasimama kwa sababu ahadi hazikuja na kamati inaanza kutizamwa vibaya bila ya kosa. Uchunguzi wa kila mwaka wa michango ya vyuo vya Marekani, ambao CASE inausimamia tangu 2018, unahesabu kilichopokelewa tu, ahadi haimo. Kwa hesabu hiyo mwaka wa 2022/23 vilipata dola bilioni 58, na hizo zimeshaingia.

Nyuma ya pesa hizo wapo wafanyakazi ambao hawaombi hata senti, kazi yao kujua mhitimu yuko wapi, kahamia wapi, simu yake ipi, kumwalika aje azungumze na wanafunzi. Hili sisi linatuhusu khasa sasa hivi, Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu ni cha 1998 na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, imeanza kusomesha 2001, kwa hiyo wahitimu wake wa mwanzo ndio wamefika umri wa kuwa na kipato, wapo Unguja, wapo Dar, wapo Muscat, na daftari la kuwajua linataka mtu wa kuliandika kila siku, mwenye mshahara wake, hata mwaka ambao hakuna aliyetoa chochote.