Je, wajua kwa nini Wafaransa walipaka mbao rangi zikafanana na marumaru?

Fanicha za Ufaransa za enzi ya Louis XVI, aliyetawala kuanzia 1774 hadi 1792, zina miguu iliyonyooka yenye mifereji kama nguzo za hekalu la Kirumi. Baadhi yake huonekana kama jiwe tupu, kumbe ni mbao na rangi.

Wengi hudhani sababu ni bei. Ni kweli, lakini kwa sehemu tu. Ufaransa ilikuwa na machimbo yake, kama yale ya Campan kwenye milima ya Pyrenees, na makabati mengi ya droo yalifunikwa juu kwa marumaru halisi. Shida ni uzito: bamba la sentimita 120 kwa 60, lenye unene wa sentimita 2, lina karibu kilo 39. Mbao ya msonobari ya ukubwa huo haifiki robo yake. Tena jiwe hustahimili kukandamizwa, si kupindwa. Mguu mwembamba wa marumaru ukigongwa ubavuni hukatika.

Halafu kuna Warumi wenyewe. Uchimbaji wa magofu ya Herculaneum ulianza 1738, wa Pompeii 1748, miji ya Kirumi huko Italia iliyofukiwa na volkano, na Ulaya ikashikwa na wazimu wa mambo ya kale. Katika nyumba kongwe za Pompeii, kuta zilipigwa plasta na kupakwa rangi zifanane na mabamba ya marumaru. Kwa hiyo fundi wa Paris aliyeiga jiwe hakuwa akiwasaliti Warumi. Alikuwa akifuata mchezo wao.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Mbao ilipakwa matabaka ya chaki na gundi, ikasuguliwa hadi ikawa laini, kisha ikapewa rangi ya msingi. Juu yake ilikuja rangi nyepesi ya mafuta, na kabla haijakauka fundi alichora mishipa kwa nyoya la ndege au brashi nyembamba, akaififisha kwa brashi laini. Mishipa ya marumaru ni nyufa zilizojazwa madini mengine, ndiyo maana huchepuka, hugawanyika na kupotea. Fundi asiyejua hilo huchora mistari iliyojipanga, na mingi kupita kiasi. Mwisho ilikuwa vanishi.

Ukitaka kujua ipi ni ipi, weka kiganja: jiwe huwa baridi zaidi. Tazama pia ukingoni, kama mshipa unapinda kona na kuendelea. Ila usijaribu kwa ndimu, maana asidi huila marumaru, na halisi ndiyo itakayobaki na doa.