Mzee, Unaamka Mara Ngapi Usiku? Maswali na Majibu Kuhusu Dodoso la Mkojo kwa Kiarabu

Ni dodoso gani hilo?
Linaitwa IPSS, kifupi cha Kiingereza cha "alama za kimataifa za dalili za tezi dume". Mzizi wake ni dodoso la Marekani la mwaka 1992, la wanaume wenye dalili za kutanuka kwa tezi dume. Maswali ni saba, ya mwezi mmoja uliopita: mkojo kubaki kibofuni, kwenda haja kabla ya saa mbili kupita, mkojo kukatikakatika, kubanwa ghafla, mkondo dhaifu, kujikamua na kuamka usiku. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla 35. Ukipata 0–7 dalili ni ndogo, 8–19 za wastani, 20–35 kali. Swali la nane huuliza ungejionaje kama ungeishi hivyo maisha yako yote, nalo halijumlishwi.

Si litafsiriwe tu Kiarabu liishe?
Kiarabu kipi? Fusha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni, husomwa na waliokwenda shule. Mzee wa kijijini Morocco na mwenzake wa Misri kila mmoja ana namna yake ya kusema amebanwa. Halafu majibu yenyewe: "chini ya mara moja kati ya tano". Nani huhesabu hivyo akiwa msalani?

Swali la usiku ndilo linalonivutia zaidi. Mtu ameamka kuswali alfajiri, akapita msalani kabla ya kutawadha. Ameamshwa na mkojo au na swala? Asipofafanuliwa, atajiongezea alama bila ugonjwa. Na Ramadhani je? Maji yote hunywewa kati ya futari na daku, kwa hiyo "mwezi uliopita" wa mfungaji haufanani na miezi mingine. Mtafsiri anayejua maneno tu hayaoni haya.

Tafsiri hupimwaje?
Wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, kisha matoleo yao huunganishwa. Mwingine, ambaye hajaona dodoso la asili, huirudisha kwa Kiingereza. Tofauti zikijitokeza, kamati huketi. Baadaye wagonjwa wachache huulizwa: umeelewa nini hapa? Binafsi naamini hatua hiyo kuliko zote.

Ndipo hesabu zinapoingia. Kipimo cha Cronbach alfa huonyesha kama maswali yanavuta upande mmoja. Wengi hutaka kisipungue 0.7. Mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika hujaza tena baada ya wiki moja au mbili, na alama zinatakiwa zikaribiane. Aliyefanyiwa upasuaji ukafanikiwa, alama zake lazima zishuke. Zisiposhuka, dodoso halioni mabadiliko.

Alama kubwa maana yake saratani?
Hapana. Dodoso hupima usumbufu, halitaji chanzo. Kisukari au maambukizi pia humpeleka mtu msalani mara kwa mara. Lakini mkojo wenye damu, homa pamoja na maumivu wakati wa kukojoa, au mkojo kugoma kabisa, usisubiri kujaza karatasi, nenda hospitali.

Baba hajui kusoma. Nimjazie?
Msomee swali kama lilivyoandikwa, umwache achague mwenyewe. Usimwambie "lakini baba, jana uliamka mara nne". Na tazama nani yupo chumbani: mzee akiulizwa habari za mkojo mbele ya mkwewe, atajibu sifuri kuanzia swali la kwanza hadi la saba. Hapo mwite muuguzi wa kiume, nanyi wengine mtoke.