Je, wajua kwa nini kisamvu hutwangwa kabla ya kuingia sufuriani?

Mchicha hukatwa kwa kisu, basi. Matembele vivyo hivyo. Majani ya maboga hutolewa nyuzi, yakakatwakatwa na kwenda jikoni. Lakini kisamvu, iwe ni Pemba au Bukavu wanakokiita sombe, hakiingii sufuriani kabla ya kupita kwenye kinu. Ukiuliza sababu, wengi watakwambia ni kukilainisha. Ni kweli kwamba majani ya muhogo ni magumu, ila hiyo ndiyo sababu ndogo. Kubwa imo ndani ya seli za jani lenyewe.

Seli ya mmea inatofautiana na yetu kwa jambo ambalo hata jino hulihisi: ina ukuta. Seli ya mnyama imezungukwa na utando laini tu. Ya mmea inao utando huo, halafu nje yake kuna ukuta wa selulosi, kitu kilekile kinachounda nyuzi za pamba. Kuta hizo ndizo alizoziona Robert Hooke huko Uingereza, akazieleza mwaka 1665 baada ya kuweka chini ya hadubini kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa. Seli za gome lile zilikuwa zimekufa zamani, zimebaki kuta tupu, naye akaviita vile vijumba kwa neno lenye maana ya vyumba vidogo. Ndiyo asili ya neno seli. Yaani nyumba ilipewa jina kabla hajaonekana mwenye nyumba.

Seli hai ya jani imejaa. Kuna kiini, kinachotunza maelekezo ya urithi. Kuna viwiti, vidonge vya kijani vinavyonasa mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Kuna mitokondria, zinazoivunja sukari hiyo kwa oksijeni ili kupata nguvu. Lakini kinachochukua nafasi kubwa kuliko vyote ni vakuoli, fuko la majimaji ambalo katika seli iliyokomaa laweza kujaza asilimia 80 au 90 ya nafasi yote. Fuko hilo likijaa hubana ukuta kwa ndani, na ndivyo jani linavyosimama bila mfupa. Maji yakipungua, jani linanyauka. Umeona fungu la mchicha lililokaa juani sokoni, kisha muuzaji akalinyunyizia maji likachangamka? Ni vakuoli zinajaa upya.

Vakuoli pia ni stoo. Mmea huweka humo rangi, chumvi, asidi, na vitu vyake vya hatari. Muhogo huweka linamarini, ambayo ni glukosi iliyofungamana na sianidi. Ikikaa humo imefungwa vile, haimdhuru mtu wala mmea wenyewe. Sasa angalia ujanja. Kimeng'enya cha kuivunja linamarini, kiitwacho linamarasi, hakikai stoo. Kinakaa nje, kwenye ukuta wa seli. Petroli iko chumba cha ndani, kiberiti kiko uani, na katikati yao pana milango miwili: utando wa vakuoli na utando wa seli.

Panzi au mbuzi akitafuna jani bichi, milango yote huvunjika kwa pamoja. Linamarini inakutana na kimeng'enya, glukosi inatengwa, na kinachobaki kinaendelea kuvunjika hadi kutoa haidrojeni sianidi, hewa yenye sumu. Hii ni silaha ambayo haifyatuki mpaka adui aume. Kitunguu nacho kina mtego wa namna hiyo. Hakikuchomi macho kikiwa kizima kapuni, kwa kuwa vitu viwili vinavyotengeneza ile hewa ya machozi viko vyumba tofauti mpaka kisu kipite.

Basi mchi hufanya kazi ya jino la mbuzi, ila hufanya nje ya tumbo. Kila pigo linapasua kuta na tando, sumu inafyatuliwa kinuni, nayo huondoka. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa ni wa joto kuliko hapo. Ikibaki kidogo, moto humalizia, mradi sufuria isifunikwe mwanzoni.

Mtu anaweza kusema: kama moto unafukuza sumu, si nichemshe tu majani mazima? Hapo ndipo wengi hukosea. Kimeng'enya huharibiwa na joto, lakini linamarini huvumilia kuchemshwa. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji ya moto, umelowesha kiberiti na petroli yote imebaki. Sehemu yake itatoka na maji, ndiyo maana kuyamwaga maji ya kwanza husaidia, lakini nyingine utaila. Mpangilio ndio dawa: kwanza kinu, kisha moto. Walioanza kupika hivyo hawakuwa na hadubini, na mpangilio wao hauna kosa.

Sianidi huua kwa kuziba mitokondria, zile zile ambazo nasi tunazo. Oksijeni inafika kwenye seli lakini haitumiki. Kiasi kidogo mwili huweza kukigeuza kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, kwa hiyo anayekula muhogo kwa dagaa au maharage ana kinga kuliko anayekula muhogo mtupu. Palipo na ukame, njaa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka huzuka konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Jina ni la Kiyaka cha Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Mwaka 1981 ulishika watu zaidi ya 1,000 kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 1985 ukaonekana Tarime, Tanzania.

Kwenye mizizi hesabu ni ileile. Makopa yaliyokatwa vipande vinene na kuanikwa tu hubaki na linamarini nyingi, kwa kuwa seli nyingi zimekauka bila kupasuka. Muhogo uliolowekwa siku tatu hadi ukalainika huwa salama zaidi, kwa sababu vijidudu vya uchachu vimezila kuta. Hata unga uliokwisha kusagwa unaweza kusafishwa: mtafiti Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba ukiulowesha, ukautandaza tabaka jembamba kivulini kwa saa tano, kimeng'enya kilichobaki humo kinaamka na kumaliza kazi. Baada ya hapo unasonga ugali siku hiyo hiyo.

Na mashine za kusagia kisamvu sokoni, au blenda ya nyumbani? Zinafaa. Ladha wataibishania wenyewe wapenda kinu, lakini kuta zinapasuka vizuri tu. Ila usikimbilie jiko. Kiache kisamvu kilichosagwa wazi kwa muda kabla ya kukitia motoni, maana kimeng'enya bado kinafanya kazi, na moto ukikikuta hakijamaliza utakizima njiani. Wakati huo kuna nazi ya kukuna.