Amoksilini, penisilini na jamaa zake: maswali ya wateja wa kemisti za Nairobi

Dawa hizi humuuaje bakteria bila kumuua mgonjwa?

Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta ambao seli za binadamu hazina. Umefumwa kama kiondo: nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa pamoja kwa vifundo vifupi vya asidi amino. Mfumo huo huitwa peptidoglaikani. Ndani ya bakteria kuna msukumo mkubwa, na ukuta ndio unaomzuia asipasuke. Kila akitaka kukua au kugawanyika, lazima aukate hapa na pale, apachike nyuzi mpya, kisha vimeng'enya vyake vifunge vifundo.

Penisilini ina pete ndogo ya pembe nne, beta-laktamu, inayofanana na ncha ya kifundo. Kimeng'enya cha kufunga kikiishika, pete hufunguka na kung'ang'ania papo hapo, nacho hakifanyi kazi tena. Vya kukata vinaendelea kukata. Ukuta unatoboka, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Kwa hiyo dawa hii humpata hasa bakteria anayejenga. Aliyetulia anaweza kuiponyoka.

Nimeandikiwa amoksilini mara tatu kwa siku. Nikimeza zote asubuhi kuna tatizo?

Lipo. Kiasi chake damuni hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi, na ziada huenda na mkojo. Kinachoua bakteria ni muda ambao dawa inabaki juu ya kiwango kinachotosha. Kurundika dozi hakusaidii. Ratiba rahisi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila kama dozi inayofuata imekaribia, iruke iliyopita. Usimeze mbili pamoja.

Amoksilini haijali chakula. Flukloksasilini inajali: imeze saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula.

Nina homa na kamasi. Niuzie kapsuli mbili tu.

Virusi vya mafua havina ukuta wa kubomoa. Kimelea cha malaria hakina pia. Hata baadhi ya bakteria hawana: mykoplasma, ambaye ni chanzo kimojawapo cha nimonia, huishi bila ukuta kabisa, ndiyo sababu daktari huchagua dawa ya jamii nyingine, kama azithromaisini. Na kapsuli mbili hazitibu hata ugonjwa ambao amoksilini inauweza. Zinachofanya ni kuwaua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia nafasi walio sugu.

Augmentin ina nguvu kuliko amoksilini ya kawaida?

Inategemea adui. Bakteria wengine hutoa kimeng'enya, beta-laktamasi, kinachovunja ile pete kabla haijafika ukutani. Asidi ya klavulaniki iliyomo ndani ya Augmentin hukinasa kimeng'enya hicho ili amoksilini ipite. Kama bakteria hakitoi, umelipa zaidi na kujiongezea uwezekano wa kuhara. Kama amebadilisha vimeng'enya vya kufunga vifundo, kama stafilokoka sugu aitwaye MRSA, klavulaniki haifui dafu.

Kosa linalojirudia: tembe ya Augmentin ya miligramu 625 imekosekana, mtu anameza mbili za 375. Kila moja kati ya hizo zote ina miligramu 125 za klavulaniki. Mbili za 375 zinakupa amoksilini ileile 500, lakini klavulaniki mara mbili, na tumbo ndilo linalolipa.

Na zile za dripu hospitalini?

Seftriaksoni ina pete ya beta-laktamu pia. Haichanganywi na maji ya dripu yenye kalsiamu, kama Ringa laktati, kwa sababu hugandiana na kuwa chembechembe. Vankomaisini haina pete. Yenyewe hukishika kifundo, kimeng'enya kikakosa pa kufanyia kazi. Molekuli yake ni kubwa mno kupenya utando wa nje wa E. koli, hivyo haitibu maambukizi ya mkojo yanayoletwa na bakteria huyo. Gramu moja hupitishwa polepole, kwa saa nzima au zaidi. Ikiharakishwa, mgonjwa huwashwa na kuwa mwekundu usoni na shingoni.

Dawa ya maji ya mtoto huchanganywaje?

Gonga chupa ili unga uachane na kitako. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, karibu nusu ya kiasi kinachohitajika, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama. Tikisa kila unapompa. Andika tarehe kwenye chupa. Nyingi hutupwa baada ya siku 7, lakini fuata kibandiko. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya jikoni havilingani. Soma pia nguvu yake: mililita 5 zinaweza kuwa na miligramu 125 au 250, na ukikosea hapo mtoto amepata nusu au maradufu.

Penisilini iliwahi kuniharisha. Nina aleji?

Kuhara na kichefuchefu si aleji. Aleji ya hatari ni vipele vinavyovimba na kuwasha, midomo au uso kufura, kifua kulia mluzi au kuzirai, kwa kawaida ndani ya saa moja. Acha dawa na ukimbilie hospitali. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani. Ukidungwa penisilini ya kaswende au ya kuzuia homa ya baridi yabisi, kaa kituoni nusu saa kabla ya kupanda matatu. Na ukisema una aleji, eleza ni nini hasa kilitokea na baada ya muda gani, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama utanyimwa jamii yote hii ya dawa.