Mgao wa nafasi ya diski na maana ya zile siku saba

Tangu mgao wa nafasi ya diski, yaani kikomo cha nafasi ambayo kila akaunti inaruhusiwa kutumia, uanze kutumika kwenye seva yetu ya pamoja, dawati la msaada limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja yaliyovaa sura tatu. Mmoja anasema nywila yake imebadilishwa bila taarifa. Mwingine anasema kazi yake imefutwa usiku. Wa tatu amekwisha kupiga hesabu zake: ameandika amri ya df, akaona zaidi ya nusu ya diski ni tupu, na sasa anataka aelezwe kwa nini ananyimwa kuhifadhi faili lisilofika hata megabaiti moja. Wote watatu wamefika kwenye kikomo cha mgao wao. Hakuna aliyegusa akaunti zao.

Nianze na huyo wa tatu, maana ndiye anayeandika barua ndefu kuliko wenzake. Amri ya df inaonyesha hali ya diski nzima. Haijui wewe ni nani. Mgao ni hesabu nyingine kabisa, inayowekwa kwa jina la akaunti yako. Ukitaka kuiona, andika quota -s. Utapata nafasi unayotumia, kikomo cha onyo, kikomo cha mwisho na muda uliobaki, kisha safu hizo hizo mara ya pili kwa idadi ya mafaili. Nyota kando ya namba ina maana umezidi. Sehemu tupu ya diski haijasahauliwa pale: bila mgao, programu moja iliyoharibika na kuandika kumbukumbu zake usiku kucha ingeijaza, na asubuhi watu wote wangekwama kwa kosa la mmoja. Wala si mbinu tuliyoibuni sisi ili kuwabana watu. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne ndiye aliyeandika mfumo wa mgao uliotoka na 4.2BSD, toleo la mfumo endeshi wa Unix, mwaka 1983, na wazo la vikomo viwili lilikuwemo tangu hapo.

Vikomo hivyo viwili ndivyo vinavyowachanganya wengi. Tuchukue akaunti yenye kikomo cha onyo cha GB 20 na kikomo cha mwisho cha GB 22. Jumatatu mwenye akaunti anafika GB 20.5. Hazuiwi. Saa ya neema inaanza kuhesabu, na kwenye Linux muda wa kawaida ni siku 7, yaani sekunde 604,800. Ndani ya siku hizo anaweza kuandika mpaka GB 22, na hapo atakwama hata kama siku bado zipo. Akishuka chini ya GB 20, saa inafutwa. Akizidi tena mwezi ujao, ataanza siku saba nyingine kamili. Lakini siku zikiisha naye bado yuko juu ya 20, kikomo cha onyo kinageuka kuwa kikomo cha mwisho. Hataandika hata baiti moja, ingawa zile GB 22 hajazifikia.

Kwa hiyo lile swali tunaloulizwa kila wiki, "Jumatatu ilikubali, leo inakataa, na mimi sijaongeza kitu," jibu lake liko ndani ya swali lenyewe. Hukuongeza, na hukupunguza.

Sasa huyu wa nywila. Unapoingia kupitia skrini yenye madirisha, mfumo huhitaji kuandika mafaili madogo kwenye folda yako ya nyumbani, likiwemo .Xauthority, faili la ruhusa ya kutumia skrini hiyo. Mgao ukiwa umeisha, haliandikiki. Skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi, kisha inakurudisha pale pale pa kuandika jina. Watu hurudia nywila mara tatu, mara nne, wanabadilisha kibodi, ndipo wanapiga simu. Angalia tofauti: nywila ikiwa na kosa, mfumo hukuambia ina kosa. Ikiwa umekubaliwa kisha ukarudishwa mlangoni, mara nyingi tatizo ni nafasi. Ingia kwa ssh, njia ya kuingia kwa amri za maandishi tu, ambayo haina haja ya faili hilo, futa usichohitaji, kisha urudi kwenye madirisha yako.

Wa pili ndiye ninayemhurumia kwa dhati. Tuseme ana ripoti ya kurasa arobaini, imefunguliwa, anabonyeza kuhifadhi. Baadhi ya programu za kuandikia hufanya hivi: kwanza hulifuta lililomo ndani ya faili la zamani, kisha huanza kuandika maandishi mapya. Hatua ya kwanza haihitaji nafasi, kwa hiyo inafanikiwa. Ya pili inagonga ukuta. Linalobaki kwenye diski ni jina la faili na ukubwa wa sifuri. Hapo bado hujapoteza kitu, kwa sababu maandishi yako yote yamo kwenye dirisha lililo wazi, na hasara inakuja pale unapolifunga kwa hasira. Basi usilifunge. Acha dirisha kama lilivyo, fungua dirisha la amri pembeni, futa kitu kikubwa, rudi uhifadhi tena. Ukikosa cha kufuta, hifadhi nakala kwenye diski ya kuchomeka au kwenye /tmp, folda ya mafaili ya muda, ikiwa iko kwenye diski nyingine, lakini uitoe huko mapema: kwa mpangilio wa awali wa systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kilichokaa /tmp siku 10 bila kuguswa hufutwa.

Kufuta nako kuna mambo yake. Faili ulilolitupa kwenye pipa la taka halijafutwa, limehamia .local/share/Trash na bado linahesabiwa kwako. Ukipima ukubwa wa folda zako kwa amri ya du -sh * hutaliona, kwa sababu nyota ile huruka majina yote yanayoanza na nukta, na humo ndimo vikaamo vitu vikubwa: .cache, pipa la taka, vifurushi vya programu ulizozijaribu siku moja ukazisahau. Tumia du -xh --max-depth=1 ~ | sort -h na usome mistari ya mwisho. Pia faili ambalo programu bado imelishikilia, hata ukilifuta, nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo izimwe. Amri ya lsof +L1 itakuonyesha yaliyofutwa lakini bado yameshikiliwa.

Mafaili yako yaliyomo kwenye folda ya kikundi nayo yanahesabiwa kwako. Mgao wa mtumiaji hufuata mwenye faili, haufuati folda. Ukinakili faili la mwenzako, nakala ni yako na mzigo ni wako.

Upo pia mgao wa idadi, ambao watu huusahau kabisa. Mtu ana GB 3 tu kati ya 20 na bado anakataliwa. Kila faili, hata lenye herufi moja, linachukua inodi moja, yaani rekodi ambayo diski hulitambua faili kwayo, na kwenye diski ya ext4, mpangilio wa mafaili unaotumika sana kwenye Linux, idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Mradi mmoja wa JavaScript wenye folda ya node_modules unaweza kubeba makumi ya maelfu ya mafaili. Miradi iliyokwisha ifungeni kwa tar. Maelfu yanakuwa faili moja.

Kuhusu maombi ya kuongezewa. Ombi liwe kwa maandishi na litaje jina la akaunti, matokeo kamili ya quota -s, folda inayohitaji nafasi, sababu, na tarehe ya mwisho ya ongezeko. Lipitie kwa msimamizi wako kwanza, na yeye ndiye atakayelituma kwetu. Maombi ya simu hayapokelewi, wala ya kuniwahi kwenye ngazi. Ombi lisilo na matokeo ya quota -s hurudishwa bila kusomwa. Ongezeko ni la muda. Tarehe ikifika, vikomo vya zamani vinarudi, na ukiwa juu ya kikomo cha mwisho siku hiyo, hakuna siku saba: hutaandika mpaka ushuke. Mafaili yako hayatafutwa na sisi. Mgao huzuia kuandika tu, haufuti.

Yapo mambo yenye adhabu. Kuhifadhi data zako kwenye akaunti ya mwenzako ili kukwepa kikomo ni ukiukaji wa kanuni za matumizi, kwa mwenye data na kwa aliyekubali. Mara ya kwanza ni barua ya onyo kwa wote wawili, nakala kwa wasimamizi wao. Mara ya pili, akaunti zote mbili zinaachiwa ruhusa ya kusoma tu mpaka maelezo ya maandishi yapokelewe. Mara ya tatu shauri linatoka mikononi mwetu na kwenda kwenye nidhamu. Kuigeuza /tmp kuwa ghala huhesabiwa vivyo hivyo.

Kila asubuhi programu ya warnquota huwatumia barua pepe waliozidi kikomo cha onyo. Isomeni siku hiyo hiyo inapofika. Sanduku la barua liko ndani ya folda yako ya nyumbani na linahesabiwa kwenye mgao huo huo, kwa hiyo ukishafika ukutani, barua ya kukuambia umefika haiingii.