Dolly Parton hakutolewa na mtu

Juzi tena, mwanafunzi wangu wa gitaa: "Mwalimu, Dolly si alitolewa na Porter Wagoner?" Yaani mwimbaji huyu wa kantri wa Marekani eti alifanywa nyota na Porter, mwimbaji mwenzake aliyekuwa na kipindi cha televisheni. Nimelisikia hilo mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Umaskini wa Dolly mnaujua: Sevier, Tennessee, 1946, mtoto wa 4 kati ya 12, kibanda cha mbao milimani, na baba aliyemlipa daktari aliyemzalisha mama gunia la unga wa mahindi. Tusonge. Hajafika hata miaka 11, tayari anaimba redioni Knoxville. Ana 13, yuko jukwaani Grand Ole Opry, onyesho mashuhuri la muziki wa kantri. Mwaka 1964 anamaliza shule, kesho yake anapanda basi kwenda Nashville, kitovu cha muziki wa kantri. Mwaka 1966 wimbo aliotunga na mjomba wake Bill Owens, ukiimbwa na Bill Phillips, unaingia kumi bora za kantri. Porter anamchukua kwenye kipindi chake 1967. Sasa katolewa wapi hapo?

Kipindi cha Porter kilimwingiza sebuleni mwa watu kila wiki, nalo silipunguzi. Mwanzoni watazamaji walikuwa wakipaza sauti kumtaka Norma Jean, mwimbaji aliyemtangulia, na Porter alisimama naye. Bila televisheni ile huenda angechelewa sana. Hapo nasitasita kila ninapofundisha habari hii. Ila nyimbo alikuja nazo mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni "I Will Always Love You". Watu wanaufanya wa mahaba, kumbe alimtungia Porter 1973, akimuaga ili akasimame peke yake. Wanafunzi wangu wote wanaanzia pale Whitney Houston, aliyeurudia baadaye, anapopandisha ufunguo wa muziki. Mimi nawarudisha kwenye rekodi ya Dolly: ubeti wa tatu haimbi, anausema, polepole, gitaa likiwa chini, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango na bado hajafungua. Ukiupiga ubeti huo kwa nguvu, umeuua.

Elvis Presley naye alitaka kuuimba. Meneja wake, Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo. Dolly akakataa, akalia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney alipourekodi, fedha za utunzi zilimfikia mwenye wimbo.

Yule mwanafunzi nilimwambia aweke gitaa chini, ausome ule ubeti kwa sauti ya kawaida. Alipofika mstari wa pili, koo likamkaba.