Gesi ya kuogopa jikoni ni ile isiyowaka

Sisi wa Zimamoto tukipita mitaani kutoa elimu ya tahadhari ya moto, swali la kwanza huwa lile lile: "Afande, eti huu mtungi wa gesi unaweza kutulipukia?" Mara nyingi anayeuliza ana mtungi wa kilo 6 ndani, kanunua au kagawiwa, lakini maharage bado anayainjika kwenye mkaa. Wenzake humcheka kuwa ni mshamba. Mimi simcheki. Amesikia habari za watu kuungua, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha namna ya kuishi na kitu hiki. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo wanaowasha gesi kwa mara ya kwanza bado watakuwa wengi.

Jibu langu huwa hili: chuma cha mtungi ni kigumu kuliko unavyodhani, na mwali wa bluu unaouona juu ya jiko si adui yako mkubwa. Gesi inayowaka unajua iko wapi, na ukifunga koki inazimika. Ya kuogopa ni ile iliyotoka bila kuwaka, ikatanda chumbani, ikakaa inasubiri cheche.

Ndani ya mtungi gesi imekandamizwa mpaka ikawa majimaji, ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kinacheza. Lita moja ya majimaji hayo ikitoka nje hufumuka ikawa lita zipatazo 250 za gesi. Nayo ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi. Hushuka ikatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikaingia uvunguni mwa kitanda, nyuma ya friji, kwenye karo. Wala haihitaji kujaza chumba. Sehemu 2 tu za gesi katika kila sehemu 100 za hewa zinatosha kushika moto.

Ukishalielewa hilo, mengine yanaeleweka bila kukaririshwa. Chukua kuwasha. Wengi hufungua gesi kwanza, ndipo waanze kutafuta kiberiti. Njiti ya kwanza inavunjika, ya pili imelowa, na muda wote huo gesi inamwagika miguuni. Njiti iwake kwanza, isogezwe kwenye jiko, ndipo koki ifunguliwe. Kuzima jiko lenye mpira wa kuleta gesi kutoka mtungini, anza kwenye mtungi: funga koki ya mtungi, acha moto ule gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka ufe wenyewe, kisha funga swichi za jiko. Na usiinjike chai ya maziwa ukaenda kuanua nguo. Maziwa yakifurika yanazima moto, koki inabaki wazi, na kwa aliyeko nje hakuna dalili yoyote.

Sasa siku ya mtungi mpya. Bodaboda akiuleta, asiufunge na kuondoka wewe ukiwa uani. Tazama kwanza kama sili ya kampuni haijaguswa. Kwenye mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha na kilo za gesi ulizolipia, halafu uwekwe kwenye mizani mbele yako. Hilo ni la mfuko wako. La usalama wako ni pete ndogo nyeusi ya mpira inayokaa mdomoni mwa koki, mahali jiko linapofungiwa, au regulata, kile kichwa kinachounganisha mtungi na mpira. Ikiwa imechanika, imekauka au haipo kabisa, hata ukaze kwa nguvu za fundi, gesi itapita. Ukibadilisha kampuni, regulata ya zamani huenda isikubali mtungi mpya. Usiilazimishe, tafuta inayofanana nao.

Ukishafunga, pima kwa povu. Weka maji kidogo na sabuni ya unga kwenye kikombe, koroga mpaka litoke povu zito, ulipake kwa kipande cha sponji kuzunguka koki, regulata na ncha zote mbili za mpira. Jiko likiwa limezimwa, fungua koki ya mtungi, kisha nyamaza utazame. Povu likitulia, hapo pazuri. Likianza kutoa vipovu vinavyokua, hata vikiwa vidogo kama punje za mtama, gesi inavuja. Funga, kaza, paka tena. Ikiendelea, rudisha mtungi dukani. Usizibe kwa bigijii wala kipande cha ndala, na usithubutu kupima kwa njiti ya kiberiti. Hao wa njiti tunao wengi, na wote husema "siku zote nafanya hivi".

Mpira wa gesi ni mpira wa gesi. Wa kumwagilia bustani hauwezi kazi hiyo. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa au alama za meno ya panya, badilisha leo. Ncha zake zikazwe kwa klipu za chuma, si waya wala mpira wa baiskeli. Kwa mpangaji wa chumba kimoja, ambaye jiko, kitanda na nguo viko humo humo, mtungi usiwekwe mahali ambapo ukiwaka utakuzibia mlango.

Kuna mtindo wa kuulaza mtungi gesi inapokaribia kuisha, au kuukalisha kwenye beseni la maji ya moto. Nimeuona sana nyanda za baridi, na sababu ipo: kwenye baridi majimaji yale hayageuki kuwa gesi kirahisi, moto unanywea hata kabla mtungi haujaisha. Lakini mtungi uliolala hutoa majimaji badala ya gesi, na lita moja inafumuka kiasi gani nimeshasema. Mtungi husimama wima, mbali na moto na jua kali.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya yai viza mnayoisikia huongezwa kwa makusudi ili pua ikuamshe. Ila pua ina udhaifu wake: ukikaa na harufu muda mrefu, inaizoea na kuacha kuisikia. Kwa hiyo mtoto akitoka shule akasema "mama, hapa kunanuka gesi", usimwambie ni karo. Yeye ametoka nje, pua yake bado nzima.

Ukiisikia, kwanza usiguse umeme. Usiwashe taa, na iliyowaka usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche kote kuwili. Feni usiiwashe eti ipulize gesi nje, simu usiipigie humo. Funga koki ya mtungi, fungua milango na madirisha, watu wote watoke. Mlango una faida kuliko dirisha, maana gesi iko chini na mlango unafika chini. Kama swichi kubwa ya umeme iko nje, mbali na harufu, mmoja aizime. Jiko la mkaa la jirani lililoko barazani lizimwe pia. Hilo watu husahau kabisa. Mtungi ukiweza kuutoa, upeleke mahali pa wazi, mbali na mtaro na shimo la choo.

Je, moto ukishawaka kwenye koki? Hapa ndipo watu hunishangaa. Usikimbilie kuuzima kwa ndoo ya maji au mchanga huku gesi bado inatoka. Ukiuzima hivyo, umeigeuza gesi inayowaka kuwa gesi isiyowaka, nayo itajikusanya itafute cheche nyingine. Kitu cha kufanya ni kufunga koki. Kama mwali unaelekea upande mwingine na mkono unafika, zungushia mkono kitambaa kilicholowa maji, jikinge uso, funga, moto utakufa. Kama mkono haufiki, au miali inaulamba mwili wa mtungi wenyewe, acha. Ondoka na watu wako, mwende mbali. Mtungi unaochomwa kutoka nje ndio unaoweza kupasuka kweli.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima jiko, funika karai kwa mfuniko au sinia, uliache lipoe. Maji hapana: yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini.

Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Ni muda mrefu, tazama saa. Vua pete na bangili kabla hajavimba; nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na mafuta havitibu kitu, vinamsumbua tu mganga wakati wa kusafisha. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.

Kisha 114, namba ya dharura ya Zimamoto. Piga ukiwa umeshatoka nje, hata kama unadhani majirani watauweza moto. Anza na mahali, kabla ya kueleza kilichotokea: mkoa, mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba kama kibao cha anwani ya makazi kipo, kisha alama inayojulikana, msikiti, shule, stendi. Sema ni gesi, sema kama kuna mtu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. Mtume kijana mmoja akasimame barabarani kulielekeza gari, na mwingine awaombe wenye bajaji na magari wasogee kwenye njia ya kuingilia, maana gari letu ni pana kuliko vichochoro vingi vya mitaa yetu.